Mkanda Uliolia Jumamosi

Nyinyi mnaojifunza ufundi hapa Nangurukuru mnaniuliza kila mara: mkanda wa injini ukipiga kelele, unaanza wapi? Naona mnangoja niwatajie namba ya spana. Jibu langu haliwapendezi, lakini halijabadilika: unaanza kwa kuweka mikono mfukoni.

Mimi nimestaafu. Maana yake nakuja gereji kila siku kama zamani, ila sishiki kitu. Nakaa juu ya tairi lililokufa, nakunywa chai yenu, na kila gari linalopita nalisikiliza bure. Nyinyi mna simu, mteja anawatumia sauti ya injini yake kutoka Mtama mnaisikiliza huku mnakula chapati. Sina ubaya na hilo. Lakini simu haina kidole, na haijui jana gari lilifanywa nini.

Milio ya mkanda na puli ni mingi, mikubwa ni mitatu. Wa kwanza ni mrefu na mwembamba, wa kutia ganzi meno, unatoka gari linapowashwa asubuhi au dereva anapowasha taa. Huo ni mkanda unaoteleza juu ya puli. Wa pili unakatika vipandevipande, kama kifaranga aliyeachwa na wenzake. Hapo mara nyingi puli hazikukaa kwenye mstari mmoja, moja imeingia ndani kidogo na mkanda unatembea upande. Wa tatu haulii, unasaga, kama mtu anayetafuna mahindi makavu. Hiyo ni beringi. Ukishaijua hiyo mitatu bado utakosea, ila utakosea kwa heshima.

Kipimo cha maji mnakijua. Injini ikiwa inazunguka polepole, mikono mbali, mikono ya shati imekunjwa, dondoshea maji kidogo upande wa ndani wa mkanda. Mlio ukinyamaza kisha ukarudi, kagua mkanda wenyewe na mstari wa puli. Mlio ukizidi, mkanda unateleza, na sasa utafute ni kwa nini unateleza. Hilo swali la mwisho ndilo nililowahi kuliruka, na nusura mtu akose kazi yake na jina lake.

Kabla ya hapo niwaambie habari ya mwalimu wangu, Fundi Athumani wa Lindi mjini. Alikuwa mtu mfupi, mkali, asiyependa kumwona fundi akikimbia. Siku moja akatoa mkanda kwenye injini, akanifunga macho kwa kitambaa, akaniambia nizungushe puli moja moja kwa mkono.

“Unasikia nini?”

“Sisikii kitu, fundi.”

“Nani kakwambia sikio? Kidole kinasema nini?”

Kidole kikasema kuna kitu kinakwaruza kwenye puli ya pembeni. Alikuwa ametia mchanga kwenye beringi mbovu, makusudi. Kesho yake akauhamishia kwenye nyingine, nikaipata. Keshokutwa nikaipata tena, nikaanza kutembea kifua mbele. Siku ya nne nikazungusha zote tatu, nikarudia mara ya pili, nikasema ni ya katikati. Fundi Athumani akanifungua kitambaa akacheka mpaka akakaa chini. Siku hiyo hakutia mchanga popote.

“Wewe ukiulizwa lazima ujibu,” akasema. “Hilo ndilo litakalokuponza.”

Nilidhani anatania. Nikaenda zangu, nikafungua gereji hapa njia panda, nikawa fundi mwenye jina, na jina lenyewe lilitokana na tabia yangu ya kuhesabu kila kitu mara mbili. Nati nikizitoa nahesabu, nikizirudisha nahesabu. Wateja walinicheka, lakini hakuna aliyeondoka hapa akaacha boliti kwenye sufuria yangu.

Sasa twende kwa Mzee Bakari.

Mzee Bakari alikuwa mtu wa Kivinje, wa familia iliyotengeneza vyombo vya baharini tangu babu zake. Alipoona mikono yake haishiki tena tezo, akanunua pikapu kuukuu ya dizeli. Dereva wake alikuwa Chande, mtu wa Mtama, makamo, mpole, mwenye watoto wanne na maneno machache. Kila Jumamosi alfajiri Chande alipandisha samaki wakavu Kipatimu, siku ya gulio, na Jumatatu akateremka na machungwa. Barabara ile kwa wakati huo mnaijua kwa kusimuliwa: ukifika juu unahesabu meno.

Injini ya pikapu ile ilikuwa na mkanda mmoja na puli tatu. Ya krenki chini, ya pampu ya maji na feni katikati, ya alteneta, ile ya kuzalisha umeme, pembeni. Mkanda unakazwa kwa kuisogeza alteneta. Kitu rahisi, cha kufundishia.

Jumamosi moja Chande akasimama hapa, injini inapiga yowe kiasi cha watu wa stendi kugeuka. Samaki wamejaa nyuma, mwenyewe anatazama jua.

“Fundi Mshamu, niokoe. Gulio halinisubiri.”

Sikuweka mikono mfukoni. Nilikuwa na spana mkononi tayari, nikalegeza alteneta, nikaivuta kwa nondo, nikakaza. Yowe likapungua. Jumatatu akapita na machungwa, injini kimya kama mgeni. Nikajisifu kimoyomoyo. Jumamosi nyingine likalia tena, nikakaza tena. Jumatatu, kimya. Nikajisifu tena.

Baada ya wiki chache mlio ukabadilika. Nikaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye alteneta na mpini kwenye sikio: mahindi makavu. Nikamwambia Mzee Bakari beringi imekwisha na mhimili wake umeliwa, alete alteneta nyingine. Akaagiza Dar es Salaam, mpya, ndani ya boksi lake. Nikaifunga mwenyewe, na kwenye mguu wake nikapiga nukta mbili kwa patasi ndogo. Ndiyo alama yangu, kila kitu ninachofunga nakitia nukta mbili. Mkanda nikaupima kama inavyotakiwa, kwa kuubonyeza kwa kidole gumba.

Ijumaa ile gari lililala kwangu, Jumamosi likapanda Kipatimu kimya. Jumamosi ya pili yowe likarudi vilevile.

Safari hii aliyelisikia ni Mzee Bakari mwenyewe, gari likitoka uani kwake. Jumatano akaja hapa, kofia imenyooka, fimbo mkononi. Chande nyuma yake anatazama chini.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Fundi, nikuulize. Kitu kipya kinalia?”

“Hakitakiwi kulia, mzee.”

“Basi kilicholia si kipya. Nimenunua kipya, kimefungwa, kimepandishwa Kipatimu, kimeshuka kizee. Huko juu kuna watu wananunua vitu, na huyu bwana yuko peke yake siku mbili.”

Chande akasema, “Tajiri, Mungu ananiona.”

“Mungu anatuona sote. Mimi nataka kuona alteneta yangu.”

Nikafungua boneti, nikamwonyesha zile nukta mbili kwenye mguu wa alteneta. Nikamweleza kuwa ndiyo ileile niliyoifunga. Mzee akainama, akatazama, akainuka.

“Nukta mbili,” akasema, “hata inzi anaziacha.”

Kisha akamgeukia Chande. Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, ufunguo uwe mkononi mwake. Akaondoka kwa bodaboda, kanzu kaikunja magotini.

Nyinyi mnaweza kusema, si kazi tu, atapata nyingine. Chande hakulilia kazi. Mzee alikuwa ameshasema habari ile pale Kivinje panapouzwa kahawa. Dereva akishaitwa mwizi kwenye kahawa ya Kivinje, habari inafika Lindi, inafika mpaka Sudi, maana inasafiri kwa magari yaleyale ambayo yeye anataka kuomba kuyaendesha.

Nikamkalisha kwenye tairi. Kwa mara ya kwanza nikauliza swali nililopaswa kuliuliza mwanzo.

“Chande, inalia lini?”

“Nikiwa na samaki.”

“Ukiwa na machungwa?”

“Hailii.”

Nikacheka. Yeye hakucheka. Basi nikaanza kulichukua lile jibu kama lilivyo. Samaki wanapanda, machungwa yanateremka. Labda ni mlima. Labda ni uzito. Akilini nilianza kuona raha ambayo sikuiona siku nyingi, ile raha ya kutojua.

Alhamisi tukajaza pikapu mchanga, viroba kumi na sita, nikavihesabu mara mbili, tukapanda kilima kikali kuliko vyote vya karibu. Kimya. Tukawasha taa zote ili alteneta ifanye kazi. Kimya. Nikadondoshea maji mkandani. Kimya. Nikazima, nikagusa puli tatu kwa mgongo wa kidole, zote zina joto la kawaida. Nikatoa mkanda, nikazungusha kila puli macho yamefumbwa. Hakuna mchanga popote. Nilimkumbuka Fundi Athumani, na kwa mara ya kwanza maishani nikamwambia mteja, “Sijui.”

Chande akanitazama kama niliyemtukana. “Fundi, kesho ndiyo Ijumaa.”

“Najua. Hii kelele ina ratiba. Haijali mlima, haijali mzigo. Jumamosi inalia, Jumatatu imechoka. Sasa Jumamosi ina nini?”

“Ina samaki.”

“Na siku iliyo kabla yake?”

“Ijumaa gari halitoki. Tajiri analisafisha mwenyewe kabla na baada ya sala, hataki mtu asogee.”

“Analisafisha kwa nini?”

“Nijuaje? Ijumaa mimi nipo kwangu.”

Basi Ijumaa tukaenda Kivinje wawili, Chande akiwa na ufunguo mfukoni, mimi na boksi la spana. Gari tulikuwa tumelipeleka asubuhi. Tulifika watu wametoka msikitini muda mrefu. Uani kwa Mzee Bakari boneti iko wazi, na yeye, msuli kaukaza kiunoni, shati kalivua, kainama ndani ya injini na kopo mkono mmoja, kitambaa mkono mwingine. Anapaka polepole, kwa adabu, kama mtu anayempaka mtoto mafuta.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba. Mmewahi. Alasiri bado.”

“Unapaka nini?”

“Mafuta ya papa. Baba alipaka vyombo, nami napaka hiki. Gari la bahari linaliwa na chumvi, fundi. Tazama haya mabati, yana kutu? Haya ya jirani unayaona? Yanakatika kama mkate.”

Alisema kweli. Sijaona pikapu ya pwani iliyokaa vizuri kama ile. Na harufu haikunishangaza wala haikuwahi kunishangaza, maana gari linabeba papa mkavu kila wiki. Nani atanusa mafuta ya papa kwenye gari la papa?

“Unapaka mpaka wapi, mzee?”

“Mpaka mkono unapofika.”

Nikachungulia. Puli ya krenki inang’aa. Ya katikati inang’aa. Ya alteneta inang’aa. Mkanda wenyewe umepakwa pande zote mbili, haukusahauliwa hata inchi. Kila Ijumaa anapaka, Jumamosi alfajiri mkanda unateleza na kupiga yowe, njiani mafuta yanarushwa na kuungua, Jumatatu machungwa yanateremka kwa amani. Nilisimama pale nikazihesabu zile puli mara mbili, si kwa kutojua idadi, bali nilikuwa natafuta la kusema kwa mzee wa watu.

“Chande,” nikasema, “liwashe.”

Likalia mpaka kuku wa jirani wakaruka ukuta. Mzee akainua kidole. “Ndiyo hiyo. Mmesikia? Kitu kikuukuu hicho.”

Nikaomba maji ya moto na sabuni ya unga. Nikatoa mkanda, nikasugua puli zote tatu mpaka kidole kikashika chuma kikavu. Chande akatoa chini ya kiti mkanda wa akiba, nikaufunga. Akawasha. Injini ikanguruma peke yake, bila yowe.

“Bahati,” akasema Mzee Bakari.

“Inawezekana, mzee. Tuzime, kisha upake wewe mwenyewe. Puli ile ya pembeni tu. Kidogo.”

Akanitazama kama anayetajiwa bei. Chande akazima. Mzee akachovya kidole kwenye kopo, akapitisha kwenye mfereji wa puli, akarudi nyuma. Chande akawasha. Yowe.

Likazimwa. Mzee Bakari akabaki anatazama kidole chake. Akakifuta kwenye msuli, akakitazama tena.

“Kumbe mimi,” akasema.

Hapo, vijana, hadithi ingeweza kuisha vizuri kwangu. Fundi kagundua, mzee kakubali, dereva kasafishika. Nilikuwa nimeshaanza kukusanya spana. Lakini mzee alikuwa mjenzi wa vyombo, akili yake haikuacha ubao wowote bila msumari.

“Fundi. Na ile alteneta ya kwanza, nayo niliiua kwa mafuta?”

“Mafuta si mazuri kwa mkanda, mzee,” nikasema. Mmeona nilivyojibu? Kweli tupu, na haihusiani na swali.

Chande alikuwa bado kwenye kiti cha dereva, mlango wazi, mguu mmoja nje. Mtu wa maneno machache. Akasema, “Fundi, mwambie na lile la kukaza.”

Nikajaribu kupunguza. Ni mazoea, mimi kila kitu naanza na nusu. “Nilikaza kidogo. Mkanda ukiteleza mtu anakaza.”

“Mara ngapi?”

“Mara mbili.”

“Hesabu tena.”

Nikahesabu tena. Jumamosi ya kwanza, samaki wamejaa, anatazama jua. Jumamosi ya pili. Kisha ikaja ile ya mvua, ambayo sikutaka kulowa, nilimpa nondo dirishani nikamwambia avute yeye, nikaja kukaza nati mbiombio na kurudi ndani. Mara tatu. Mkanda uliopakwa mafuta nimeuvuta mara tatu kwa nondo, mpaka ukawa mgumu kama kamba ya ngoma, na uzito wote ule ukabebwa na beringi ya alteneta. Mafuta yalipiga kelele tu. Aliyeua ni mimi.

Nikamwambia Mzee Bakari, hivyohivyo, bila kupunguza. Nikamwambia alteneta ile haikuwa na kosa, iliniomba nisikilize nikaivuta shingo.

Chande akachomoa ufunguo, akashuka, akafunga boneti, akauweka juu yake katikati yetu watatu.

“Alasiri imefika, tajiri. Ufunguo wako huu.”

“Uchukue,” akasema mzee. “Kesho kuna gulio.”

“Sijakataa kazi. Ila jina langu limebaki kwenye kahawa. Nendeni mkalichukue, nyinyi wawili, kila mtu aseme lake. Nikilipata naenda Kipatimu.”

Nikamwambia, “Si akisema mzee inatosha? Yeye ndiye aliyelipeleka.”

Chande akatikisa kichwa. Hakuongeza wala hakupunguza. Miaka yote ya biashara sikuwahi kukutana na mtu asiyesogea hata shilingi moja, na yule hakuwa akiuza kitu.

Mzee Bakari akavaa shati na kofia. Tukaenda kwa miguu, yeye mbele. Pale kwenye kahawa akasema yake kwa maneno sita, nilihesabu. Yangu yalikuwa marefu zaidi, maana watu walitaka kujua nondo ilikuwa ndefu kiasi gani. Mmoja akaniuliza kama nukta mbili ni idadi ya magari niliyoyatengeneza. Niliacha wacheke. Wakati huo Chande alikuwa amesimama mbali kidogo, na alipoona wamemalizana nami na sasa wanamsogezea yeye kikombe, ndipo akaenda kuchukua ufunguo.

Mzee Bakari aliendelea kupaka mafuta ya papa mpaka mwisho wake. Mabati tu, na kazi yake ikaishia hapo. Mkanda na puli akaviacha vikavu, na kila Ijumaa akavifunika kwa kiroba kabla hajachovya kitambaa.

Kwa hiyo mkanda ukilia, muulize dereva kabla hujauliza injini. Unalia lini, siku gani, umebeba nini, jana nani aligusa. Akikujibu jambo la kuchekesha kama samaki na machungwa, andika. Halafu maji, halafu kidole, halafu macho. Spana ndiyo ya mwisho. Na ukikaza, ujue umekaza mara ngapi.

Chande bado anaendesha, sasa ni gari lake mwenyewe, la kisasa, lenye mkanda mmoja mpana na tenshena inayojikaza yenyewe, haiombi nondo ya mtu. Akipita Nangurukuru anasimama mbele yangu, anafungua boneti, anaacha injini ingurume.

“Fundi, sikiliza.”

“Sisikii kitu.”

“Sikiliza tena.”

Nami nasikiliza mara ya pili.